Mnyoaji Aliyetema Vidonge

Wanaume wa ukoo wa Kammies hawazeeki. Hilo tulilijua sote hapa mtaani, kama tunavyojua kwamba upepo wa Agosti hupasua midomo. Baba yao alianguka akifunga lango la zizi, mvi hajaota hata moja. Kaka mkubwa, Andries, alikufa kanisani siku ya Pasaka akiwa na tarumbeta yake ya bendi mapajani, na waliokaa nyuma yake walidhani ameinama kusali. Akabaki Floors.

Nyumba yake inatazamana na yangu. Tena mume wangu, Apools, ndiye mpishi wa kikundi cha wanyoa kondoo alichokuwamo Floors, kwa hiyo ya nyumbani niliyaona kwa macho yangu na ya mashambani nililetewa na Apools kila kikundi kiliporudi.

Floors alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, asiyependa maneno. Alinyoa kwa mkasi wa mkono, kama wanyoaji wote wa kikundi kile. Ni kazi ya kuinama. Unamkalisha kondoo kwa makalio, unambana kwa mapaja, unashika mkasi kutwa nzima, na manyoya yatoke kipande kimoja kama blanketi. Mikono inaonekana ndiyo inayofanya kazi, lakini mnyoaji hasa ni mapaja na kiuno. Ndani ya banda nafasi ya mlangoni, penye mwanga na hewa, hupewa anayewashinda wote kwa kasi. Floors aliishika nafasi hiyo miaka mingi, mpaka watu wakaiita kwa jina lake.

Asubuhi moja ya baridi, kwenye shamba lililo ng'ambo ya mto mkavu, alimwachia kondoo aliyenyolewa nusu akatoka nje, mkono mmoja ukishika ukuta. Apools alikuwa anachochea moto wa kahawa. Anasema uso wa Floors ulikuwa na rangi ya majivu, na jasho linamtiririka ilhali maji kwenye ndoo yalikuwa yameganda barafu juu. Mzee Klaaste, kiongozi wa kikundi, akatoka kumtazama.

"Panda gari, Floors. Unakwenda kliniki."

"Ngoja nimmalizie yule kwanza."

"Yule atamaliziwa. Wewe nani atakumalizia?"

Kliniki yetu wakati ule ilikuwa na daktari kijana, Daktari Ntuli, aliyeletwa kwetu kutoka Natali kwa mwaka mmoja tu. Alimpima moyo, akamtoa damu ikapelekwa mjini, na majibu yaliporudi akamwita yeye na mkewe, Siena. Akamwambia Floors avue viatu. Floors akaona haya, maana soksi zake zilikuwa zimetoboka, lakini akavua. Daktari akapapasa mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ambapo palikuwa na uvimbe mgumu kila mguu.

"Haya yameanza lini?"

"Hayo ni ya viatu, daktari. Hata marehemu baba alikuwa nayo."

"Na kaka yako?"

Sista Bostander, muuguzi wetu wa siku zote, ndiye aliyejibu kutoka pembeni. "Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwosha."

Daktari akawaeleza taratibu kwamba si viatu. Ni mafuta. Mwili wa Floors ulizaliwa hauwezi kuyaondoa mafuta kwenye damu, na baba yake hivyo hivyo, na kaka yake. Mafuta yale hujibandika ndani ya mishipa ya moyo mpaka njia inaziba. Atameza kidonge kila jioni.

"Mpaka lini?" Floors akauliza.

"Maisha yako yote."

"Na mafuta ya mkia wa kondoo?"

"Hayo yaache leo."

"Daktari, sasa umeniachia nini?"

Siena anasema hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona mumewe akifanya mzaha kuhusu jambo hilo.

Nyumba ikabadilika. Harufu ya mafuta ya mkia yakikaangwa, ambayo nilizoea kuisikia kila Jumamosi kutoka ng'ambo ya barabara, ikakoma. Wakala maharage na samaki wa kopo. Jioni baada ya sala Siena alimimina maji kwenye kikombe, akakiweka mezani pamoja na kidonge, naye Floors akameza huku binti yao Lenie akiwatazama. Maumivu ya kifua yakapungua. Siena akaanza kulala usingizi.

Kisha yakaja mengine. Yalianzia mapajani. Floors alimwambia Apools kwamba anaamka kama mtu aliyebeba mawe jana yake, wakati jana yake ilikuwa Jumapili na hakubeba hata Biblia. Baadaye yakapanda mabegani, yakashuka kwenye viungo vya magoti na vifundo vya mikono. Hayakuwa maumivu ya kuchoma. Yalikuwa mazito, ya kusaga, na yalikuja na udhaifu. Nilimwona kwa macho yangu akitaka kuinuka kwenye kibaraza chake: aliinama mbele, akashindwa, akageuka kando, akajisukuma kwa mikono yote miwili kama mwanamke mjamzito. Aliponiona ninatazama akajifanya anatafuta kitu chini.

Alikwenda kliniki. Mwaka wa Daktari Ntuli ulikuwa umekwisha na mwingine hajaletwa. Sista Bostander alikuwa peke yake, na foleni imefika getini.

"Sista, miguu yangu haina nguvu. Tangu hivi vidonge."

"Floors, umewainamia kondoo tangu ukiwa kijana mdogo. Ulitarajia magoti yakushukuru?"

"Si magoti tu. Ni nyama yote."

"Hata mimi nyama yote inaniuma, na sijanyoa kondoo." Akampa panado, vidonge vya kutuliza maumivu. "Vile vidonge usiviache, unanisikia? Vile ndivyo vinavyokuweka hapa."

Sista si mtu mbaya. Amezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu. Lakini siku ile alikuwa amechoka, na Floors hakuwa mtu wa kurudia jambo mara mbili. Akachukua panado yake akaondoka.

Huko bandani hali ilikuwa ngumu zaidi. Kondoo anajua mapaja yaliyolegea. Anafurukuta, anapiga teke, mkasi unakata ngozi. Floors, ambaye watu walisema angeweza kumnyoa kondoo amelala asiamke, akaanza kutoa kondoo wenye mikwaruzo. Mwenye shamba akamlalamikia Mzee Klaaste. Vijana nao hawakumwacha.

"Jamani, mleteeni babu kiti," akasema Dirkie, kijana aliyekuwa akiiwinda nafasi ya mlangoni tangu alipojiunga.

"Kiti kipo," mwingine akajibu. "Tatizo ni nani atamwinua."

Wakacheka. Floors naye akacheka kidogo, ili yapite. Lakini jioni ile hakula. Siku chache baadaye Mzee Klaaste akamwita kando. Alimwambia kwa upole, na Apools anasema upole ule ndio uliomuumiza zaidi, maana matusi angeyajibu. Alimwambia apumzike na mkasi kwa muda, akasaidie mezani. Mezani ni mahali ambapo manyoya huchambuliwa, na wachambuzi wote ni wanawake. Floors akasimama katikati yao, akitoa kinyesi na miiba kwenye manyoya yaliyonyolewa na Dirkie, kutoka nafasi ya mlangoni.

Usiku wa kurudi alikaa na Apools kwenye lori, miguu imenyooshwa kwa sababu kuikunja kulimuuma.

"Apools, kama ungekuwa wewe?"

Apools akamjibu kama wanaume wanavyojibizana, bila kufikiri sana. "Dawa inayokuua kabla ya ugonjwa, hiyo dawa gani?"

Tangu wiki ile Floors akaacha. Hakumwambia Siena. Jioni maji yaliwekwa mezani, kidonge kikawekwa, naye akakitia mdomoni, akanywa, akatoka nje kwenda kutazama lango, na huko nyuma ya choo akakitema. Siena alikuwa akisikia lango linatikiswa, akafurahi kwamba mumewe anaangalia nyumba.

Na nguvu zikarudi. Mtu asije akaniambia kwamba yalikuwa mawazo yake tu, maana nilimwona. Haukupita mwezi, akapanda juu ya paa kufunga bati lililolegea. Kikundi kilipoondoka tena alishika mkasi, na kabla ya Krismasi Dirkie alikuwa amerudishwa ndani, kwenye giza na vumbi. Mkesha wa Mwaka Mpya, kwenye ngoma yetu ya kutifua vumbi kwa miguu, Floors alivaa kofia yake yenye unyoya akacheza mbele ya Siena, akichuchumaa, akiinuka, akirusha kisigino, mpaka wapiga gitaa wakachoka kabla yake. Siena alikuwa akilia kwa furaha. Akaniambia, "Shoga, Mungu amenirudishia mtu wangu." Alidhani dawa na mwili vimepatana.

Mwezi wa pili akaitwa kupimwa damu, na Siena akafuatana naye. Majibu yalipokuja Sista Bostander aliyasoma, akayasoma tena, akavua miwani.

"Floors, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Kila jioni?"

"Muulize mke wangu."

Siena akasema ndiyo, kila jioni, mbele ya macho yake. Sista akawaambia mafuta kwenye damu yamerudi kama zamani. Walitembea kurudi nyumbani, na walipofika Siena akafunga mlango, lakini madirisha yetu hapa ni mabovu na sauti hupita.

"Nimesema uongo mbele ya Sista?" Siena akauliza.

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Nakuuliza wewe. Nimesema uongo bila kujua?"

"Vinaninyang'anya miguu, Siena."

"Ungeniambia."

"Nilimwambia Sista. Akanipa panado."

"Mimi si Sista. Mimi nililala na mama yenu siku tuliyomzika Andries, nikamshika asijitupe kaburini. Wewe ulikuwa upande wa pili wa shimo, hukumwona usoni. Mficha maradhi kilio humuumbua, Floors. Tena kilio chenyewe ni changu, si chako."

"Uliolewa na mnyoaji. Unataka nikae hapa kibarazani nihesabu mbuzi wa watu?"

"Niliolewa na mtu. Sikuolewa na mkasi."

Kisha nikamsikia Floors, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akisema kwamba anaogopa. Alisema anaogopa moyo, lakini moyo haumtukani. Bandani, akiwa hana miguu, watamtukana kila siku. Siena akaanza kulia, nami nikaondoka dirishani, maana jambo lilikuwa limefika mahali pasiponihusu.

Asubuhi yake Siena alikwenda peke yake kliniki. Alimweleza Sista yote, na Sista, kwa sifa yake, hakujitetea. Alipiga simu hospitali kuu ya Kimberley kuomba Floors aonwe na daktari wa moyo. Wakampangia siku, lakini ya mbali, mwezi wa sita. Mwezi wa sita ndipo kikundi kinapokwenda mashamba makubwa ya juu.

Floors aliahidi atakwenda, ingawa vidonge vyenyewe hakuvirudia. Ahadi hiyo niliisikia, na naamini aliitoa kwa moyo mmoja. Lakini siku zilipokaribia Mzee Klaaste alikuwa na wanyoaji wawili wagonjwa, na Floors akasema mashamba yale tu, akirudi watampangia siku nyingine. Siena alimfuata mpaka kwenye lori. Hakupiga kelele mbele ya watu. Alimfungia skafu shingoni, akarudi ndani.

Moyo ulimshika siku ya tatu, mchana, kwenye nafasi yake ya mlangoni. Safari hii hakuweza kutoka nje. Kondoo alijinasua, akakimbia na manyoya yananing'inia ubavuni, na kila mtu akageuka kumtazama kondoo, kwa hiyo hakuna aliyemwona Floors akianguka. Dirkie ndiye aliyemwona kwanza. Dirkie huyo huyo ndiye aliyemshika kichwa mapajani nyuma ya gari la mwenye shamba, njia nzima ya changarawe, akimwambia, "Kaka, usilale. Kaka, nitukane kidogo, lakini usilale."

Hakufa. Walimpeleka Kimberley, wakafungua mshipa uliokuwa umeziba, lakini sehemu ya moyo ilikuwa imekwisha kufa na haifufuki. Siena alikaa naye huko. Daktari wa moyo, mama mtu mzima mwenye sauti kavu, alivuta kiti akaketi. Floors akamweleza habari ya mapaja, mabega na magoti, kwa maneno machache, akitazama shuka. Alitegemea kugombezwa.

"Ulipoacha, maumivu yaliisha?" daktari akauliza.

"Yaliisha."

"Basi ni dawa. Nakuamini. Wengi huimeza wasihisi kitu, lakini wapo ambao misuli yao inaikataa. Kuna damu ya kupima ili kuona kama misuli inaumia. Kuna dawa nyingine za jamii hiyo hiyo, tunaanza na kidogo, tunaongeza ya aina tofauti juu yake. Wengi wenu tunawapatia inayovumilika."

"Ni kazi kubwa kubadilisha?" Siena akauliza.

Daktari akasita. Siena anasema aliona wazi kwamba hakutaka kulijibu swali lile. "Hapana, mama," akasema mwishoni. "Si kazi kubwa."

Floors akageukia ukutani.

Ile dawa mpya aliimeza, na anaimeza mpaka leo. Humpa maumivu kidogo ya mabega, ya kuvumilika. Miguu haimlegei tena kwa sababu ya dawa. Sasa inalegea kwa sababu ya moyo. Akitoka kwenye kiti mpaka getini anasimama kuvuta pumzi. Siena amepata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni na hurudi jioni. Kikundi kinapoondoka Floors haji barabarani kuaga. Dirkie humletea mkasi amnolee, na Floors humnolea, lakini Apools anasema mkasi wa Dirkie hauhitaji kunolewa mara nyingi hivyo.

Hospitali ilisema watoto wapimwe. Walikuwa na mmoja tu, Lenie, mwenye miaka kumi na sita, mchezaji wa netiboli wa shule, mwenye miguu mirefu ya upande wa mama yake. Majibu yakawa yale yale. Siena aliponipa habari alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua. "Hata huyu," akasema.

Lenie akaanza kidonge chake, naye Floors akaanza kuuliza. Asubuhi kabla binti hajaenda shule: "Miguu inauma?" Akirudi: "Miguu je?" Akitoka mazoezini, kabla hajaweka mkoba chini, ilimradi swali lile lile. Msichana alijibu hapana, baba. Baadaye akajibu kwa kutikisa kichwa. Baadaye akawa anapitia mlango wa nyuma. Siena alimwambia mumewe amwache mtoto, anamtia hofu. Floors akasema, "Mimi niliuliza mara moja tu, na nikajibiwa mara moja tu." Akaendelea kuuliza.

Ikapita miezi. Alasiri moja, upepo unavuma na mimi ninaanua nguo, nikamwona Lenie amekaa kwenye ngazi ya kibaraza chao, bado amevaa sare. Floors alikuwa kwenye kiti chake. Hakuuliza, nadhani siku ile alikuwa amechoka hata kuuliza.

"Baba," Lenie akasema. "Inauma kidogo. Hapa juu."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Kocha anasema ni mazoezi."

"Inawezekana ni mazoezi." Akaanza kujiinua. "Niletee kofia."

"Mama akirudi tutakwenda naye. Ni mbali kwako."

"Kofia, Lenie."

Wakaenda. Kutoka kwetu mpaka kliniki ni mwendo mfupi kwa mtu mzima, lakini niliwaona wakisimama kwenye kona ya duka, tena kwenye ukuta wa kanisa, Floors akiegemea, mkono wa binti chini ya kwapa lake. Niliacha nguo kwenye kamba nikawafuata, maana nilihofia ataanguka.

Foleni ilikuwepo kama kawaida. Floors hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa Sista Bostander, watu wakiguna, akavua kofia.

"Sista, mtoto anasema mapaja yanamuuma. Anameza vile vidonge. Nataka atolewe damu ya misuli leo, na daktari apigiwe simu leo. Nitakaa hapa."

Sista akamtazama yeye, akamtazama Lenie, akamwomba radhi mama aliyekuwa amekwisha kukaa kitini. "Njoo, mwanangu," akamwambia Lenie. "Niambie wewe mwenyewe. Panauma wapi?"

Alimtoa damu. Alimpigia daktari wa Kimberley, akaambiwa Lenie aache kidonge kwanza mpaka majibu yarudi, kisha wataamua. Inawezekana ni dawa, inawezekana ni netiboli. Floors alisikiliza yote mpaka mwisho, akauliza majibu yatarudi siku gani, akarudia siku hiyo kwa sauti ili Lenie naye aisikie.

Alipotaka kuinuka kwenye benchi akashindwa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Sista akaita dereva wa gari la kliniki ampeleke nyumbani, na Floors, ambaye zamani asingekubali kupakiwa kama gunia, akakubali. Akawekwa kiti cha mbele, kofia magotini, macho ameyafumba.

Mimi na Lenie tukarudi kwa miguu. Upepo ulikuwa umetulia. Njiani alikuwa akisugua paja lake kwa kiganja, na nilipomuuliza kama tupumzike akasema hapana, twende tu, mama akirudi na kumkuta baba peke yake hali ile atashtuka.